Stika au rangi mpya? Ukitaka kubadilisha rangi ya gari ya spoti Unguja, anza na boneti

Kabla hujampigia fundi simu kuulizia bei, toka asubuhi na mapema na ndoo ya maji na kitambaa cheupe, jua halijawa kali. Osha boneti na paa, kausha, kisha sugua kitambaa kwa nguvu pahala pamoja. Kikitoka na unga wa rangi ya gari, hakuna klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, inayoilinda rangi hiyo tena. Tizama na kingo: mabaka meupe yanayochanika kama ngozi iliyoungua jua ni klia inayobanduka. Halafu vuta kidogo mpira wa kioo cha mlango. Ukikuta mstari wa rangi chini yake, au vumbi la rangi juu ya mpira, gari hiyo imeshapigwa rangi tena baada ya kutoka kiwandani, hata kama aliyekuuzia ameapa.

Fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi atakumalizia kazi hii kwa dakika 10. Rangi ya kiwandani kwa gari nyingi za Kijapani huwa baina ya maikroni 80 na 150 hivi. Kikisoma 250 au 300 kwenye mlango mmoja na 110 kwenye mwengine, ule mlango umeshafanyiwa kazi. Kikipanda mbali zaidi ya hapo, chini kuna fila, ile pasta ya kujazia mabonyeo ya bati. Usipopata kipimo, chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa chembamba usije ukakwaruza, uipitishe kwenye bati la chuma. Palipojaa fila haitashika vizuri.

Nayaweka haya mbele kwa sababu watu wengi huchagua kwa kuangalia picha na bei, na gari yenyewe hawaiulizi. Stika ni plastiki inayobandikwa juu ya rangi ya gari, ya unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Haizibi shimo wala haifichi kutu, na punje moja ya mchanga ikibaki chini yake utaiona kila siku. Tena nguvu ya stika kushika haiwezi kuzidi nguvu ya rangi iliyo chini yake.

Hili nimelijua kwa gharama. Nilikuwa na Celica ya rangi ya fedha, ile ya mwisho kabla Toyota hawajaacha kuitengeneza mwaka 2006. Nikaitaka kijani kilichokolea, kijani cha jani la mkarafuu. Fundi aliyeibandika stika hakupima kitu, na mimi sikujua kumuuliza. Ikapendeza kweli. Baada ya miaka 2 paa likaanza kupauka na kingo za boneti kukunjamana, tukaamua kuibandua. Fenda ya kulia ilitoka na klia yake yote, imeganda kwenye gundi kama utando wa maziwa yaliyochemka. Kumbe ilikuwa imeshapigwa rangi zamani, na vibaya. Kilichoniuma zaidi kilikuwa pembeni mwa taa na kwenye kifuniko cha tangi: mistari myembamba kama unywele, iliyonyooka, kila mmoja umeshageuka kahawia. Alikuwa akikata stika kwa wembe juu ya gari. Kwetu, na hewa hii ya chumvi, mkwaruzo uliofika kwenye bati hausubiri.

Sasa nizipange njia za kubadilisha rangi, iliyo bora kwanza, kama nnavyozipanga mtu akiniuliza.

Ya kwanza: stika nzuri juu ya rangi ya kiwandani iliyo hai, kwa gari inayoshinda na kulala kivulini. Ikiwa boneti lako limefaulu ule mtihani wa kitambaa, usiiguse rangi hiyo kwa msasa. Rangi iliyochomwa kwenye tanuri la kiwanda ni vigumu kuipata tena gereji, na mnunuzi wa kesho atailipia. Stika inaifunika, inaikinga na jua, na siku ukiichoka inatoka.

Lakini stika si moja. Ipo inayotengenezwa kwa plastiki kumiminwa kama uji na kuachwa ikauke, na ipo inayosukumwa kwa rola kama chapati. Ile ya kusukumwa haisahau umbo lake la mwanzo: ukiivuta kwenye pembe ya bampa, jua likiwaka inarudi, na kingo zinaanza kufunguka. Ni nafuu na inafaa kwa mabango ya maduka. Kwa gari yenye mapindo ya spoti taka ya kumiminwa, ambayo mafundi wanaiita kasti. Zinazojulikana ni 3M ya mfululizo wa 2080 na ile ya Avery Dennison ya kufunikia gari. Usikubali kuoneshwa kipande. Omba uoneshwe roli lenyewe na boksi lake, usome jina na namba. Roli huwa na upana wa mita 1.52, na gari ya milango miwili hula mita 15 hadi 18 hivi. Fundi akikwambia mita 10 zinatosha, muulize viungo vitakuwa wapi.

Kisha uliza kazi inafanyika wapi. Stika hizi hutakiwa kubandikwa kwenye joto la nyuzi 16 hadi 32, na wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, bati lililokaa nje linapita hapo kabla ya saa nne asubuhi. Stika inalegea, inavutika kuliko inavyotakiwa, na vumbi linaingia. Kwa hiyo chumba kilichofungwa, sakafu imemwagiwa maji, na kipoza hewa kama kipo. Chini ya mwembe hapana, hata kama mwembe una kivuli kizuri. Taa, vishikio vya milango na beji vitolewe, stika iingie ndani ya kingo na isiishie ukingoni. Pa kukata, fundi anayejali hutumia tepu yenye uzi ndani: anaitandika chini ya stika, anavuta uzi, uzi unakata kwenda juu na rangi haiguswi. Akikwambia yeye ana mkono mwepesi wa wembe, mshukuru uondoke. Mwisho, sehemu zote zilizovutwa zipashwe tena kwa bunduki ya hewa ya moto mpaka nyuzi 90 na zaidi, ili plastiki isahau. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa sababu siku ya kukabidhi gari haionekani.

Itadumu muda gani? Watengenezaji wenyewe hutoa dhamana fupi kwa boneti, paa na buti kuliko kwa milango, maana ndivyo vinavyolitizama jua. Kwetu mie nahesabu miaka 2 hadi 3 kwa gari inayoshinda juani, na 4 au 5 kwa inayokaa kivulini. Wanaoishi Mji Mkongwe wana tabu yao: gari haiingii vichochoroni, inalala pwani ya Malindi au Forodhani na kupigwa na upepo wa bahari usiku kucha. Hao waioshe kila wiki kwa maji baridi, na mashine ya maji isisogezwe karibu na kingo. Kunguru nao wasidharauliwe, kinyesi chao kikikaa kutwa kinaacha doa. Msimu wa zambarau ukiegesha stika nyeupe isiyong'aa chini ya mti, doa lile halipigiki polishi, kwa sababu stika isiyong'aa haipigwi polishi kabisa. Stika za kioo, zile za kromu, ndizo zinazokufa mapema kuliko zote. Na nyeusi ni jua juu ya jua. Tena maji yetu ya visima, yanayotoka kwenye mawe ya matumbawe, yanaiachia madoa meupe ya chokaa kila ukiosha bila kukausha.

Kitu kimoja stika haikupi: ndani ya milango. Ukifungua, rangi ya zamani inachungulia. Kwenye Celica si sana. Kwenye Mazda RX-8, ambayo milango yake ya nyuma hufunguka kinyume na hakuna nguzo katikati, ukifungua yote miwili unaona gari ya rangi mbili. Mwenye RX-8 achague rangi jirani na ya asili, kijivu juu ya fedha au buluu nzito juu ya nyeusi, au aende kwenye chaguo linalofuata.

Ya pili: kupiga rangi gari nzima, sawasawa. Nimeiweka ya pili, lakini nasema wazi kuwa gari nyingi za spoti ninazoziona mjini, zenye miaka 15 au 20, mahala pake ni hapa. Boneti likishakufa, stika ni sanda tu. Pia kama unakusudia kukaa na gari miaka 8 au 10, rangi iliyopigwa vizuri itaishinda stika mbili zikifuatana.

Neno ni hilo, vizuri. Kubadilisha rangi si sawa na kurudishia rangi ile ile. Ukirudishia, ndani ya milango na chini ya boneti panaweza kubaki. Ukibadilisha, panatakiwa papigwe pote: fremu za milango, ndani ya buti, chumba cha injini. Vioo na mipira itolewe, haifai kuzungushiwa gazeti. Ndiyo maana kazi kamili huchukua wiki 2 au 3, na mara nyingi inagharimu kuliko stika. Ukitajiwa bei ndogo sana, muulize fundi kwa heshima: nini hakitatolewa, na wapi hapatapigwa.

Kutu ishughulikiwe mwanzo. Fungua mlango upapase ukingo wa chini kwa kidole, na ndani ya upinde wa tairi. Bati lililovimba likatwe na kuchomelewa jipya, maana fila ikiwekwa juu ya kutu utaiona inafura kabla masika mbili hazijapita. Kisha praima, rangi, na klia inayochanganywa na hadina, dawa ya kuifanya iwe ngumu. Klia hiyo ina kemikali zinazodhuru mapafu. Fundi asiyevaa barakoa yenye vichujio anajiumiza, na mimi simpi gari yangu, maana asiyejilinda mwenyewe hataniambia mengi ya kweli kuhusu kazi yake.

Unyevu ndio adui wa rangi visiwani. Hewa nzito ya masika, Machi mpaka Mei, inaweza kuitia rangi ukungu mweupe wakati inakauka, na kompresa isiyo na kichujio cha maji inatema matone ambayo baadae yanakuwa vipele. Basi uliza mambo mawili: chumba cha kupigia kimefungwa na kina feni ya kutoa hewa? Na kompresa inatolewa maji kila asubuhi? Fundi mmoja mtu mzima wa Jang'ombe, nilipomuuliza hili la pili, hakunijibu. Alinishika mkono akanipeleka nyuma, akafungua koki chini ya tangi, ikatoka hewa tupu, kavu. Akasema, "Hii, mwanangu, nimeshaifungua alfajiri." Gari nikaiacha pale pale. Ndiyo iliyo kijani cha mkarafuu mpaka leo.

Ya tatu: stika nusu. Paa jeusi, boneti, vioo vya pembeni, basi. Kwa anayetaka sura mpya bila gharama kubwa, au ambaye boneti na paa tu ndivyo vilivyochoka. Vilivyochoka vipigwe kwanza rangi ya asili. Toyota imeandika namba yake kwenye kibati, kwa kawaida kwenye nguzo ya mlango au chumba cha injini, mbele ya herufi C/TR: 040 ni nyeupe, 202 nyeusi, 1F7 fedha. Subiri mwezi mzima rangi itoe hewa yake yote, ndipo ubandike. Ukiwahi, mapovu yatainuka.

Ya nne ni filamu nene ya kulinda rangi, ambayo sasa ipo ya rangi mbalimbali. Unene wake ni kama mara mbili ya stika, na kwa njia za kifusi za kwenda mashamba na pwani, kokoto zinaruka lakini bati linasalimika. Ningeipenda. Bei yake ndiyo inayoishusha hapa: kwa gari nyingi ni pesa nyingi mno kulinganisha na thamani ya gari yenyewe.

Ya tano, rangi ya mpira ya kunyunyizia na kubandua. Inafaa rimu na beji. Gari nzima hapana. Petroli ikimwagikia tu inayeyuka, na ikipigwa nyembamba haibanduki, unaipukuchua kwa kucha.

Za mwisho kabisa, na sizishauri kwa yeyote: stika ya mabango kwa gari nzima, na rangi ya uwanjani siku ya upepo. Ya kwanza utaibandua vipande vipande vya ukubwa wa stempu, gundi ikabaki. Ya pili itakuwa na vumbi la kusi ndani ya klia milele.

Jengine dogo. Rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi ya usajili. Ukibadilisha kwa njia yoyote, nenda ukairekebishe, na bima nao uwaarifu, kabla hujasimamishwa njiani na gari ya kijani yenye kadi ya fedha. Na siku ya kuichukua gari, usiondoke mikono mitupu. Kama ni stika, chukua mita moja iliyobaki kwenye roli lile lile, iviringe na stika itizame nje, iweke ndani kusikokuwa na joto. Kama ni rangi, chukua robo lita ya mchanganyiko ule ule, kopo limefungwa vizuri, namba na tarehe zimeandikwa kwa kalamu juu ya kifuniko.