Tripu ya mpakani Korea: handaki noma, stori wameipunja

Jamani Jumamosi nlienda ile tripu ya nusu siku kutoka Seoul mpaka DMZ, ule ukanda usio na jeshi kati ya Korea mbili, nimelipa won elfu sitini hivi, kampuni siitaji maana ntailalamikia. Basi safi, ac inapuliza, saa moja na kitu umefika, ila pasi ya kusafiria usisahau, jamaa mmoja wa kundi letu aliisahau akabaki Imjingak, bustani iliyo karibu na mpaka, anatuangalia tunaondoka.

Kilichonikosha ni Handaki la Tatu. Korea Kaskazini walilichimba chini kwa chini kuvuka mpaka, likagundulika 1978, urefu mita 1,635 na liko mita 73 ardhini. Unapewa helmeti na sio urembo, mi mrefu nimegonga mwamba mpaka nikaacha kuhesabu. Walipobanwa wakasema ah huu mgodi wa makaa, ukuta wameupaka weusi, mwamba wenyewe granaiti! Nilicheka humo ndani watu wakageuka. Kupanda kurudi juu sasa, mwenye presha asijaribu.

Kilichoniudhi ni stori. Dada aliyetuongoza mchangamfu kweli, ila kaisimulia Vita ya Korea kama ndugu wawili walioamka alfajiri ya 25 Juni 1950 wakazichapa wenyewe tu. Hapana bana. Mstari wa nyuzi 38 ulioigawa Korea walichora maafisa wawili wa Marekani Agosti 1945 kwenye ramani, ili Warusi wasichukue nchi nzima, Mkorea hakuulizwa hata mmoja. Kusini akakaa Syngman Rhee, wakomunisti hataki kuwasikia, Kaskazini Kim Il Sung, na kila mmoja anaitaka nchi yote. Kim kambembeleza Stalin weee, alipokubali 1950 ndo vifaru vikashuka. Marekani kaingia na bendera ya Umoja wa Mataifa, Mrusi hata kura ya turufu hakupiga kwa sababu alikuwa kasusia vikao kisa kiti cha China kilikaliwa na serikali ya Taiwan badala ya wakomunisti wa Beijing, alafu Oktoba China nayo ikamwaga jeshi. Miaka mitatu, mamilioni wamekufa, mstari umerudi karibu palepale. Hata Waethiopia wa Haile Selassie walipigana huku, kikosi cha Kagnew, nikamuuliza dada akanambia tunachelewa dukani.

Duka lenyewe la jinsengi, ile mizizi ya dawa, dakika arobaini! Dora, kile kilima unapoiona Kaesong, mji wa Kaskazini, kwa darubini, tulipewa ishirini. Na Kaesong kabla ya vita ilikuwa ya Kusini, nalo hakulisema.

Nyota tatu, zote za handaki. Vaeni raba.