Kliniki ya watoto wasiotulia, Moshi: nyota moja, labda mbili

Nianze na nesi wa dirisha la mafaili, maana mpaka leo roho inaniuma. Kijana wangu ana miaka saba na hakai. Siku hiyo benchi kalipanda, mzani kaukalia, swichi ya feni anaizima na kuiwasha mpaka mzee mmoja akahama kiti. Mimi mkono mmoja nimeshika shati lake, mwingine natafuta kadi. Nesi, bila hata kuinua macho, kwa sauti ya muuza mitumba wa soko la Memorial: "Mama, huyu haumwi, huyu hajachapwa. Tupishe wenye wagonjwa."

Foleni nzima ikageuka. Bibi mmoja akaitikia, "Kweli kabisa."

Hajachapwa! Shuleni fimbo anakula karibu kila wiki, na ndiyo kwanza usiku halali.

Nilitaka kuondoka. Nikaambia kundi zima la wazazi WhatsApp wasikanyage pale. Hilo nalipunguza, kwa ajili ya sista wa chumba cha ndani. Yule aliuliza ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: anasikia vizuri? Analala saa ngapi? Vurugu ni nyumbani tu au na shuleni? Akasema tatizo la kutotulia na kukosa umakini halipimwi kwa kumwangalia mtoto siku moja: dalili zidumu angalau miezi sita, zionekane sehemu zaidi ya moja, na ziwe zilianza kabla ya miaka 12. Jina la ugonjwa atatoa daktari. Akanipa kazi ya daftari: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, na sisi tulifanya nini baada ya hapo. Kumbe analipuka zaidi nikimzimia TV ghafla! Sasa namtaarifu mapema, namwagiza kitu kimoja kimoja, akitii namsifu palepale. Sahani anapeleka mwenyewe jikoni, jamani. Hata mimi sista aliniuliza kama nalala.

Hapo ningetoa nyota nne bila kufikiri. Juzi narudi na daftari langu, sista kahamishiwa wodi nyingine, hakuna wa kulisoma, na dirishani ni yuleyule: "Eh, mama mtundu, umerudi?" Nyota moja! Haya, mbili, ya pili ni ya sista.

Ukienda, ulizia kwanza sista yuko wapi. Na dirishani mtume baba mtoto, maana wanaume yule nesi anawachangamkia sana.