Uzoefu wangu: Hilux Vigo niliyoinua mara mbili

Nina Hilux Vigo dabo kebini ya 2010, dizeli ya lita 3.0, haina ABS, ule mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu. Kazi yake ni kutoa maparachichi mashambani Lupembe na kuyaleta Njombe mjini. Wakati wa mvua malori yanachimba mifereji miwili njiani, katikati linabaki tuta la udongo mwekundu, na pikapu ya kawaida inalalia tumbo. Msimu mmoja nililala porini mara mbili. Ndiyo maana nikaamua kuinua gari. Sikufanya kwa ajili ya picha, ingawa sikatai kwamba lilipendeza.

Mara ya kwanza nilifuata bei. Gereji moja ilinifungia spesa za chuma juu ya shokapu za mbele, na nyuma ikabadilisha vile vyuma vinavyoshika mkia wa springi, ikaweka virefu zaidi. Laki nne na ushee, kazi ya nusu siku. "Bosi, hii spesa ni milimita hamsini, kwa hiyo gari inapanda milimita hamsini," kijana aliniambia, nami nikaona hesabu imekaa sawa.

Haikukaa. Kwenye Vigo, shokapu ya mbele pamoja na springi yake imefungwa karibu na katikati ya wishiboni ya chini, ule mkono wa chuma unaoshikilia tairi, mbali na tairi lenyewe. Ukiongeza milimita 25 pale juu, kwenye tairi unapata karibu mara mbili yake. Spesa ya 50 ikanipandisha mbele karibu sentimita 10. Gari likasimama kama jogoo anayetaka kuwika.

Baada ya wiki tano mpira unaofunika sivi jointi ya kushoto, kile kiungo cha draivu shafti karibu na tairi, ulichanika na grisi ikatapakaa ndani ya rimu, kwa sababu draivu shafti, zile zinazozungusha matairi ya mbele, zilikuwa zimekaa kwa pembe kali kupita kiasi. Kila tairi likining'inia kwenye shimo nasikia "ko!". Wishiboni ya juu nayo ilikuwa inagusa springi, rangi imekwanguka hadi chuma kinang'aa. Kwenye alaimenti, yaani kupanga pembe za matairi, yule wa mashine alizungusha bolti mpaka mwisho, vipimo vikagoma, na staringi ikawa hairudi yenyewe baada ya kona. Nyuma, vile vyuma virefu havikuzipa nguvu springi zilizochoka. Viliinua mkia tu na kuzungusha ekseli kidogo, pua ya difu, lile kasha la gia katikati ya ekseli, ikabadili pembe, na propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, ikawa inatetemeka kuanzia spidi 60.

Yote hayo ningeyavumilia, mimi ni mtu wa kuvumilia gari. Kilichonitoa ni breki. Nikishuka mteremko na kreti zimejaa, nilikanyaga, pua ikazama, na nyuma nikahisi kama hakuna kitu kinachoshika. Nilisimama, lakini miguu ilitetemeka hata baada ya kushuka.

Nikapeleka gari Makambako kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye madereva wa malori wanamheshimu. Alilala chini ya gari na tochi yake dakika kumi hivi, kisha akaniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Njoo huku chini uone, kijana wangu." Akanigusisha kifimbo chembamba cha chuma kinachotoka kwenye ekseli ya nyuma hadi kwenye valvu iliyofungwa juu kwenye chesesi. "Huyu ndiye mpima mzigo. Gari likishuka kwa mzigo, anaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Wewe umeinua bodi, yeye anadhani gari ni tupu siku zote. Anakubania breki za nyuma."

Hakuna aliyewahi kuniambia habari ya hiyo valvu. Kama Hilux yako ni ya zamani bila ABS, inama uiangalie kabla hujainua chochote. Dawa yake ni kibano kidogo kinachorudisha kile kifimbo kwenye pembe yake ya mwanzo, na baada ya hapo unajaribu breki tupu na kwa mzigo.

Nilitaka tuzungumzie kampuni gani ya springi na shokapu ni nzuri. Mzee alikataa. Kwanza twende mizani. Tukapima gari kwenye ghala la mahindi, ekseli ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wangu wa kawaida. Ngao ya chuma na winchi zimekaa mbele siku zote, kwa hiyo springi za mbele lazima ziwe za kubeba uzito huo. Nyuma ndiko nilikobishana naye. Nilitaka zile ngumu kuliko zote. Akaniuliza siku ngapi kwa wiki gari linakwenda tupu. Nne. Basi chukua za katikati, alisema, maana springi nzito bila mzigo inakurusha, na tairi linaloruka halishiki barabara. Na akaongeza: springi mpya haikupi kibali cha kubeba zaidi ya uzito ulioandikwa kwenye gari.

Nikachukua seti ya Old Man Emu, ya kampuni ya ARB ya Australia: springi na shokapu mbele, springi na shokapu nyuma, bushi mpya, yaani raba za kwenye viungo vya springi, na yu-bolti mpya zinazobana springi kwenye ekseli. Nilichokipenda ni kwamba springi zinauzwa kwa uzito unaobeba kila siku, na shokapu zimetengenezwa kwa urefu wa springi zile, hazifiki mwisho mapema. Pamoja na ufundi ilinigharimu zaidi ya milioni nne. Iliniuma, lakini ukijumlisha laki nne za mwanzo, sivi jointi na alaimenti tatu zilizopotea bure, ningeanza hapa.

Namna ya kufunga pia ni nusu ya kazi. Springi ya mbele ilibanwa kwa kifaa chake, si kwa mnyororo na waya kama nilivyowahi kuona mahali. Ile ikichomoka inaua mtu. Bolti za bushi za nyuma zilikazwa kabisa baada ya gari kushushwa na kukalia matairi yake, kwa sababu ukizikaza likiwa limening'inia, raba ya bushi inajisokota na kuchanika mapema. Mipira ya breki ilivutwa kuona kama inafika. Kilomita 500 baadaye nikarudi yu-bolti zikakazwa tena, na ndipo tukafanya alaimenti na kushusha taa za mbele, maana usiku nilikuwa nawapofusha watu.

Tulipima kwa futi kutoka katikati ya kitovu cha tairi hadi ukingo wa madigadi. Mbele ilipanda milimita 45, nyuma 50. Basi, hiyo tu. Draivu shafti ziko katika pembe inayovumilika na wishiboni za juu ni zilezile za kiwandani. Ukitaka zaidi ya hapo, andaa pesa ya wishiboni za juu na ya kushusha difu ya mbele.

Jambo moja wauzaji hawalisemi: difu ya nyuma haikupanda hata nukta, inakaa na ekseli. Kinachoiinua ni tairi. Nilitoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 nikapata kama milimita 13, na sasa spidi ikisoma 80, ukilinganisha na zamani, nakwenda karibu 83. Kwenye tuta la Lupembe bado naikwaruza nikizembea, lakini tumbo halilali tena.

Likiwa tupu, gari bado ni gumu kidogo kuliko lilivyotoka kiwandani. Na mama yangu, ambaye kila Jumapili namchukua kanisani, hawezi tena kupanda peke yake. Nimemwekea kreti ya maparachichi nyuma ya kiti. Naishusha, anakanyaga, anapanda, analalamika, tunaondoka.