Seti ya waya za amplifaya za bei chee, uzoefu wangu

Nianze na jibu kabisa, usinunue. Nazungumzia zile seti za waya za kufungia amplifaya kwenye gari, zipo kwenye mfuko wa nailoni, zimeandikwa geji 4 (kipimo cha unene wa waya), waya mwekundu mnene ukiushika unasema leo nimepata. Yangu nilichukua duka moja pale Majengo hapa Dodoma ikafungwa kwenye IST.

Sauti ikiwa ndogo mziki unapiga fresh, pandisha sasa besi igonge, amplifaya inazima, taa ya protekti nyekundu (yaani amplifaya imejizima kujilinda), ukishusha inarudi yenyewe. Dukani wakaniambia amplifaya imekufa nunua nyingine (wanauza wao, ulitegemea waseme nini).

Nikaenda kwa fundi umeme mwingine, huyu mzee namkubali, amplifaya hata hakuifungua. Akasema washa gari, weka mziki juu, akapima kwenye betri ikasoma 13.8, akaja kwenye buti akapima pale waya unapoingia kwenye amplifaya, 10.9! Karibu volti 3 zimeishia njiani. Na akasema ukipima mziki umezimwa utaona kila kitu kiko poa maana waya haujabeba mzigo, hapo ndo wengi wanapopigwa.

Akakata kipande cha waya, plastiki nene balaa, ndani vinyuzi kiduchu, akakwangua kwa kisu, rangi ya shaba ikatoka kukabaki kweupe, alminiamu tupu, ambayo kwa unene uleule inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya kopa, yaani shaba. Kikasha cha fyuzi kimeshalainika kwa moto. Halafu eathi, ule waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, walikaza bolti juu ya rangi, hawakukwangua hata kidogo, akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa.

Tukanunua waya wa kopa wa mashine ya kuchomelea, ule wa milimita za mraba 25, wanakata kwa mita, bei imechangamka kweli sibishi. Fyuzi akaiweka karibu na betri, isizidi sentimita 45, ili waya ukichunika ukagusa bodi fyuzi iungue kabla gari halijawaka moto. Sasa besi ikigonga mita inasoma 13.3 na amplifaya ni ileile "iliyokufa".

Dukani wamegoma kurudisha hela. Kwenye seti yao nimebakiza waya wa rimoti tu, ule mwembamba unaotoka redioni kuiwasha amplifaya, haubebi mzigo wowote wa maana.