Kulanti ya pinki kwenye IST: uzoefu wangu wa kuibadilisha nyumbani

Kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, niliyotumia ni Super Long Life ya Toyota, ile ya pinki inayotoka kiwandani ikiwa imeshachanganywa na maji nusu kwa nusu. Gari ni Toyota IST ya injini ya 1NZ, cc 1500, na aliyekuwa nayo kabla yangu aliijaza maji ya kisima. Ukifungua mfuniko wa rejeta ulikuwa unakutana na rangi ya kutu tupu.

Bei yake inauma, nisiwafiche. Rafu hiyohiyo ina madumu ya kijani ya bei chee, mengine hayasemi hata yana glaikoli (kemikali kuu ya kulanti) kiasi gani. Kilichonishawishi ni maisha yake: kwa maelekezo ya Toyota, iliyowekwa kiwandani hubadilishwa kwanza ikifika kilomita 160,000, kisha kila kilomita 80,000. Kwa anayezunguka Mbezi na Posta, hiyo ni miaka. Ila msinunue kwa kuangalia rangi. Rangi ni ya mtengenezaji tu, pinki ya huyu si lazima iwe pinki ya yule. Someni maandishi ya kwenye dumu.

Kuna wanaouliza, Dar hakuna barafu, kulanti ya nini? Bloku (kiwiliwili cha injini) na silinda hedi (sehemu yake ya juu) ya 1NZ ni za aluminiamu, na visima vingi vya huku vina maji ya chumvi. Chumvi inakula chuma na kuacha magamba kwenye vijia vyembamba vya rejeta, mwisho wake gari inachemsha kwenye foleni. Kulanti ina dawa ya kuzuia hayo, tena inachelewa kuchemka kuliko maji matupu.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka subira. Injini ipoe kabisa kabla ya kugusa mfuniko, hapo hakuna mjadala. Chini ya rejeta kuna koki ya plastiki. Ifungue kwa vidole, ukiipeleka kwa plaizi itakatika. Weka beseni pana.

Sasa hapa ndipo kulanti iliyochanganywa tayari inapokuwa na kasoro yake. Koki ya rejeta haitoi kila kitu, sehemu kubwa inabaki ndani ya injini. Nilisuuza kwa maji ya betri, yale yasiyo na asidi: unajaza, unawasha, unafungua hita hadi mwisho wa joto, unasubiri themostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ifunguke (ya 1NZ hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84) na bomba la juu la rejeta lipate moto, unazima, inapoa, unamwaga. Unarudia mpaka maji yatoke meupe. Lakini maji yanayobaki kwenye bloku yataizimua pinki yako, na kwa kuwa ilishachanganywa huna namna ya kuiongezea ukali. Kwa hiyo mwaga wa mwisho unadai kulala chini na kufungua boliti ya kumwagia maji kwenye bloku, mikono ikwaruzike. Anayeona hilo ni usumbufu, kulanti isiyochanganywa itamfaa zaidi, maana anaweza kupiga hesabu ya maji yaliyobaki ndani.

Kujaza ni polepole, ukiminyaminya bomba la juu ili hewa itoke. Niliacha injini iwake mfuniko ukiwa wazi na hita ikiwa kwenye joto, nikaongeza kila ilipopungua hadi mapovu yalipokoma. Tenki la akiba jaza hadi mstari wa FULL, usizidishe. Asubuhi zinazofuata, gari ikiwa ya baridi, litazame tena. Kushuka kidogo ni kawaida.

Fundi wa mtaani atakushauri ung'oe themostati "gari ipoe vizuri". Mwambie asante, iache. Bila themostati injini inachelewa kupata joto lake na mafuta yanaliwa zaidi.

Ile chafu usiimwage mtaroni. Glaikoli ni tamu na ni sumu; paka, mbwa au mtoto akiionja ni balaa. Yangu iko kwenye dumu lililofungwa, juu ya kabati, imeandikwa SUMU.

Nitainunua tena. Ila kama rejeta yako inavuja, au mfuniko wake raba imekufa, hela ya pinki ipeleke huko kwanza.