"Was built" au "has been built": utumie ipi?

Jibu la haraka ni kwamba "was built" ni "ilijengwa" na "has been built" ni "imejengwa". Jibu hilo linafaa, mpaka pale wakati unapotajwa.

Sisi husema "barua imeletwa jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakikubali "has been brought yesterday". Ukitaja jana, saa au mwaka uliopita, ni "was" tu: "The Channel Tunnel was opened in 1994." Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa, na ndipo ningependa mwanafunzi atumie muda mwingi zaidi.

Kwa matokeo yanayogusa sasa, "has been" inashinda. "My phone has been stolen" humwambia msikilizaji kuwa bado huna simu. "Was stolen" huacha nafasi kwamba pengine ilishapatikana. Magazeti ya Uingereza huzitumia zote mbili: habari hufunguliwa kwa "a man has been arrested", kisha lini na wapi huelezwa kwa "he was arrested".

Kwa urahisi wa umbo, "was" ni fupi, basi.

Ukimwandikia Mmarekani, "the letter was already sent" haitamsumbua. Mtahini anayefuata Kiingereza cha Uingereza atatarajia "has already been sent". Anayesimulia historia ashike "was". Anayemweleza bosi kazi ilipofikia leo, "has been" itamfaa zaidi.