Kuondoa kabureta kwenye V8 ya Land Rover: mfumo upi wa nozeli ununue, na upi uuache

V8 ya Rover ya lita 3.5, ile ya alumini iliyofungwa kwenye Range Rover za zamani na Land Rover 110, yenyewe haina ugomvi mkubwa na mwenye gari. Ugomvi uko juu yake, kwenye kabureta mbili: Stromberg kwa gari za mwanzo, SU kwa zilizofuata. Ukizitega vizuri Dar es Salaam kisha ukapanda Kitonga kwenda Iringa, hewa inapungua lakini tundu la petroli ni lilelile. Moshi unakuwa mweusi, plagi zinashika masizi, na geji ya mafuta inashuka huku unaiangalia. Ukiliinamisha gari kwenye mwinuko wa mawe, petroli iliyo kwenye chemba ya floti inahamia upande mmoja, injini ama inazama kwa mafuta ama inayakosa. Ukizima juani dakika kumi, petroli inachemka ndani ya kabureta na gari linagoma kuwaka.

Nozeli, yaani vipulizia petroli vinavyoendeshwa kwa umeme, zinaondoa matatizo hayo matatu. Usizitarajie zikupe injini mpya. Watu husoma kwamba 110 ya kabureta ilikuwa na nguvu za farasi 134 na Range Rover 3.5 ya nozeli 165, wakadhani tofauti yote ni ya nozeli. Sehemu ya tofauti hiyo ni pistoni: injini nyingi za kabureta za Land Rover zina kompresheni ya 8.13 kwa 1, ya nozeli ina 9.35 kwa 1.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, pima kompresheni ya silinda zote 8, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na throtali (mlango wa hewa) imefunguliwa hadi mwisho. Silinda iliyo chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 itabaki hivyo hata ukiifungia mfumo wa bei gani. Fungua na vifuniko vya valvu utazame kama rokamu (mikono inayosukuma valvu) zote zinanyanyuka sawa, kwa sababu V8 hii inajulikana kwa kula kamshafti (shafti inayozinyanyua), na kamu iliyolika huchosha gari kwa dalili zilezile ambazo watu huibebesha kabureta.

Sasa mifumo yenyewe, kuanzia ule ambao tungeununua kwanza.

Nafasi ya kwanza: Lucas 14CUX kamili, kutoka gari moja

Huu ndio mfumo wa Range Rover za 3.9 za kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 na wa Discovery V8i za nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. Kiwanda chenyewe kiliufunga kwenye Defender 110 za soko la Marekani za mwaka 1993, kwa hiyo swali la kama unaenea chini ya boneti limeshajibiwa. Manifoldi yake inakaa kwenye hedi za kabureta bila kuchonga chochote. Unachobadilisha ni gasketi ya bati ya bondeni, katikati ya safu mbili za silinda, na mipira yake miwili ya mwisho.

Sababu kubwa ya kuuweka juu ni namna unavyopima hewa. Ndani ya mita ya hewa kuna waya mwembamba uliopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kontrol boksi (kompyuta ya injini) inajua hewa iliyoingia kwa kuangalia umeme uliotumika kuurudishia joto. Hewa nyepesi ya mlimani inaupoza kidogo, petroli nayo inapunguzwa papo hapo. Kinachopimwa ni uzito wa hewa, na ndiyo maana mfumo wa 3.9 unaiendesha 3.5 bila makuu.

Nunua vyote kutoka gari moja, ukiwa umesimama pale likifunguliwa kama inawezekana: kontrol boksi, wayaringi nzima isiyokatwa, mita ya hewa na soketi yake, kasha la juu la hewa pamoja na manifoldi, reli ya mafuta yenye nozeli 8 na regyuleta, sensa ya joto la maji, sensa ya joto la petroli, sensa ya throtali, mota ya slo (mzunguko wa injini bila kukanyaga pedali), rilei mbili, distributa na koili, sensa ya mwendo inayokaa kwenye kebo ya spidomita, swichi ya ajali inayokata pampu, na kebo ya mafuta na bano lake. Wayaringi iliyokatwa kwa kisu ili injini itoke haraka iache palepale. Saa utakazotumia kuunga nyaya arobaini zitakula nafuu yote ya bei. Waya unaokwenda kwenye hasi ya koili una rizista ya omu 6,800 ndani yake. Ukiukata na kuuunganisha bila rizista hiyo, umeichokoza kontrol boksi kwa umeme isioustahili.

Nozeli zipime hapohapo kwa mita ya umeme. Zimeungwa benki mbili za nne nne, na kila nozeli nzima ina omu 16 hivi. Benki nzima ikisoma omu 4 hadi 4.5, zote nne ziko hai. Ikisoma 5 hadi 6, moja imekufa. 8 hadi 9, mbili. 16 na zaidi, imebaki moja tu. Ni dakika tano za kazi, na ni hoja nzuri ya kuteremsha bei.

Kuna kijirizista kingine kinachoiambia kontrol boksi itumie ramani ipi, yaani jedwali lipi la kugawa petroli. Gari la kikataliti (kisafisha moshi cha kwenye ekzosi) lina cheupe cha omu 3,900, na likiwa nacho linatafuta sensa za lambda, zinazopima oksijeni kwenye moshi. Wewe huna kikataliti, basi weka cha kijani cha omu 470, ambacho duka lolote la spea za redio linacho. Wengi husahau hapa, kisha wanaulaumu mfumo kwa kula mafuta.

Udhaifu wake ni umri. Mita za hewa za bandia zimejaa sokoni na nyingi hudanganya tangu siku ya kwanza, kwa hiyo mita chakavu ya asili iliyofanya kazi ni bora kuliko mpya isiyo na ukoo. Tena kwa Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliingizwi, utategemea magari yaliyomo nchini tayari au uagize vifaa vyenyewe.

Nafasi ya pili: MegaSquirt juu ya manifoldi ileile

MegaSquirt ni kontrol boksi ya kuprogramu iliyobuniwa Marekani na Bowling na Grippo. Unachukua manifoldi, nozeli na reli ya Lucas, unaacha mita ya hewa na boksi ya zamani. Yenyewe inasoma presha ndani ya manifoldi kwa mpira mwembamba, pamoja na joto la hewa na mzunguko wa injini. Faida ni kubwa kwa anayeingia vumbini na majini: kifaa cha bei kinachoharibika kimeondoka, na baadaye unaweza kuitupa distributa ukafunga koili za Ford EDIS-8 (mfumo wa cheche usio na distributa) kwa gurudumu la meno 36 lililopungua moja.

Tatizo ni kwamba inakuja haijui lolote kuhusu injini yako. Lazima awepo mtu mwenye kompyuta ndogo, sensa ya lambda ya masafa mapana kwenye ekzosi, na subira ya siku mbili tatu barabarani. Kama fundi huyo hayupo mjini kwako, isome nafasi hii kama ya nne. Anza na mafuta pekee huku distributa ikibaki, maana ukikosea taimingi pistoni ndiyo italipa. Na ukinunua, ongeza sensa ya pili ya presha ya hewa ya nje. Bila hiyo, boksi husoma presha ya nje mara moja tu unapowasha, hivyo aliyewasha pwani akapanda bila kuzima atafika juu na hesabu za pwani. Kosa si la kuzimisha gari, lakini ndilo ulilokuwa ukilikimbia.

Sensa za lambda hazina tena adui wa zamani. Petroli yenye madini ya risasi, iliyokuwa ikiziua, iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006.

Nafasi ya tatu: kabureta zilezile, zikafufuliwa

Ndiyo, juu ya seti mpya za nozeli za dukani. Mwenye gari la mizunguko ya mjini, asiyepanda milima, hana sababu ya kukata tanki kwa ajili ya mabomba ya nozeli. Shika ekseli ya throtali uitikise: ikicheza, hewa inaingia pasipotakiwa na hakuna kutega kutakakosaidia, inataka ekseli na bushi mpya. Kwenye Stromberg washa tochi utazame kiwambo cha mpira, mpasuko mdogo kama kucha unatosha kuua nguvu. Seti mbili za spea za kabureta na siku moja ya kusawazisha kabureta hizo ni sehemu ndogo ya gharama ya mfumo wowote hapa.

Nafasi ya nne: seti ya throtali yenye nozeli ndani

Hizi za mtindo wa Holley Sniper zinavutia: zinakaa mahali pa kabureta, zina boksi humohumo na zinajifunza zenyewe kwa sensa ya lambda. Kwa V8 kubwa za Marekani ni nzuri sana. Kwa hii piga hesabu kwanza. Lita 3.5 kwa mizunguko 5,000 zinavuta hewa kama futi za ujazo 260 kwa dakika. Ile ya midomo minne (njia nne za hewa) imetengenezwa kwa 800. Utagusa pedali kidogo gari liruke, na kwenye mawe unataka kinyume chake. Inadai pia manifoldi ya midomo minne, ya Edelbrock au Offenhauser, na hapo umeshapita dola 1,000 mbali kabla ya usafiri na ushuru. Ya midomo miwili inafaa zaidi kwa ukubwa, ila itahitaji adapta ya kuchongesha.

Inafanya kazi kwa presha ya petroli ya paundi 58 kwa inchi ya mraba, kwa hiyo pampu ya Lucas haiitoshi. Na ukiacha nyaya za plagi zisizo na kizuia kelele, boksi itachanganyikiwa na injini itamisi bila mpangilio.

Nafasi ya tano: Lucas 4CU ya kibamba

Mfumo wa Range Rover za nozeli za kwanza, katikati ya miaka ya 1980. Mita yake ina kibamba kinachosukumwa na hewa, yaani inapima ujazo. Mlimani inadanganyika. Nozeli zake ni za omu chache na zinahitaji pakiti ya rizista, ina nozeli ya tisa ya kuwashia baridi, na haitoi kodi za hitilafu, yaani namba zinazoonyesha kilichoharibika. Chukua ukipewa bure pamoja na gari lililo zima.

Mifumo ya nozeli ya GEMS na Bosch, ya V8 za baadaye, usiinunue kwa injini hii. Inataka meno kwenye flaiwili na sensa ya kamshafti, na boksi zake zimefungamana na kinga ya wizi ya gari zilikotoka. Ukiipata injini nzima hiyo ni habari nyingine.

Upande wa petroli, na hapa usibane hela

Pampu ya kabureta inasukuma paundi 4 au 5. 14CUX inataka 34 hadi 38, ukipima kwenye reli pampu ikizunguka na injini imezimwa. Maana yake kila kipande kutoka tanki hadi mbele kinabadilika: pampu ya presha ndani ya tanki au nje, filta ya chuma, bomba la kurudishia mafuta lenye upana usiopungua milimita 8, na mipira ya presha iliyoandikwa J30R9. Mpira wa kawaida wa kabureta hupasuka ukiwa juu ya manifoldi ya ekzosi, na mtakuwa mnazima moto. Klempu ziwe zile laini zisizo na matundu, kwa kuwa zenye matundu hukata mpira.

Tanki la kabureta halina vizuizi ndani. Likifika robo, ukikata kona au ukipanda, pampu inavuta hewa na injini inakata kwa sekunde moja moja. Dawa ni kitanki kidogo cha lita 1 hadi 2 kati ya tanki na pampu ya presha, kinacholishwa na pampu yako ya zamani. Usiiuze.

Waya wa athi wa kontrol boksi upeleke kwenye injini yenyewe, mahali palipopigwa msasa hadi alumini ing'ae, usiufunge kwenye bodi yenye rangi.

Ukiwasha mara ya kwanza

Washa swichi mara tatu bila kustata, presha ijae, kisha pita na tochi ukagua kila kiungo. Mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi, usibaki ndani ya gari. Slo ikipanda na kushuka, tafuta kwanza mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya kasha la juu kabla hujagusa kingine.

14CUX hutoa kodi za tarakimu mbili kwenye kisomeo chake kidogo, ambacho kwenye Range Rover zilizo nacho kinakaa chini ya kiti, kwa hiyo kiombe wakati wa kununua. 12 ni mita ya hewa, 14 sensa ya joto la maji, 17 sensa ya throtali, 34 na 36 benki za nozeli, 48 mota ya slo. 68 ni sensa ya mwendo, na ndiyo inayorukwa zaidi kwenye gari zilizobadilishwa, kwa kuwa injini inawaka vizuri tu bila hiyo. Utaijua siku unayokanyaga breki kwenye taa za barabarani na gari likazimika.